Shahidi wa Sefu

Mwanahamisi alikwenda kituo cha polisi kuripoti kitambulisho kilichopotea. Koplo, mama wa makamo, aliandika jina lake, kisha akafungua daftari jingine.

"Mama, una hati ya kukamatwa. Ina miaka tisa. Uliitwa mahakamani kumtolea ushahidi Sefu Makame, hukutokea."

Alikumbuka. Usiku ambao Sefu alidaiwa kuvunja duka, alikuwa chumbani kwa Mwanahamisi hadi alfajiri, na mumewe alikuwa safarini. Asubuhi ya kesi alijifungia ndani. Alimsikia tarishi wa mahakama akibisha mlango, akauma upindo wa khanga mpaka nyayo zikapotea.

"Hati kama hizi hakuna anayezifuatilia," koplo alisema kwa upole. "Rudi nyumbani. Jumatatu nenda kwa hakimu uombe ifutwe. Sema ulikuwa unaumwa."

"Na Sefu?"

Koplo alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Alifungwa miaka kumi na mitano. Yumo bado."

Mwanahamisi alishika ukingo wa kaunta. Mumewe alikuwa akimsubiri nje, kivulini, na kofia yake magotini.

"Hakimu yupo leo?"

"Yupo. Lakini ukienda leo, huenda ukalala ndani. Na atakuuliza kila kitu mbele za watu."

"Nipeleke, dada. Sikuwa naumwa."

Kisha akainama, akavua viatu kama alivyosikia mahabusu wanavyofanya, akaviweka pamoja juu ya kaunta. Koplo alivitazama, kalamu mkononi, bila kuandika neno.