Taa ya Birika

Taa nyekundu yenye umbo la birika ilikuwa inawaka kwenye dashibodi ya gari tangu juzi. Bi Mwanahawa alipomwonyesha mkwewe kwa mara nyingine, Chande alicheka tu.

"Gari linataka chai hilo, mama. Tukitoka hospitali tutalinywesha."

Kwenye kiti cha nyuma, Zuhura mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, ameng'ata kanga ya mama yake.

Walipoanza kupanda mlima, injini ikagonga kama nyundo, kisha ikafa. Chande akachomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka kikavu.

"Baba, fanya hima, mtoto ametanguliza mguu!" Bi Mwanahawa akamwita Chande.

Barabara ilikuwa tupu. Chande akazunguka nyuma, akaegemeza bega, akaanza kusukuma gari kupanda mlima. Ndani, Zuhura akanyamaza ghafla, kanga ikamdondoka kinywani, na Chande bado anasukuma.