Kuta Zinazosomwa

Tangu sheria ilipoagiza kuta za kila nyumba iliyojengwa na Waingereza zisomwe mbele ya wageni, bangalo la Bi Edina Shekiondo kule Lushoto halikukosa watalii. Kila saa nne asubuhi chombo kilibandikwa ukutani, kikatoa maneno yaliyonaswa kwenye chokaa miaka yote, kwa Kiswahili na kwa sauti moja kavu, bila tarehe wala jina la msemaji.

Siku hiyo kilisoma ukuta wa chumba cha kulia, kando ya meko ya mawe.

"Usikalie kiti hicho, unanuka moshi. Na kikombe chako usikichanganye na vyetu."

Mgeni mmoja kutoka Moshi alisonya. "Wazungu walitutenda jamani! Uambiwe hivyo ndani ya nchi yako?"

Bi Edina alihisi uso ukimwaka. Maneno yale aliyasema yeye mwenyewe, masika yaliyopita, akimwambia Zaituni, mpishi aliyemtumikia kwa miaka kumi na mmoja. Zaituni alikuwa amesimama pale pale na sinia la chai, ametazama chini.

"Kwa kweli walikuwa wakatili," Bi Edina akajibu.

Wageni walipoondoka alimfuata jikoni. "Zaituni, kaa basi tunywe chai. Yale niliyokwambia..."

"Yameshapita, mama," Zaituni alisema kwa adabu, akiendelea kumenya viazi. "Ila kesho ni zamu ya ukuta wa huku jikoni."

Bi Edina alijaribu kukumbuka yote aliyowahi kuyasema mle ndani. Hakuweza kuyamaliza.