Doa la Njano

Jumanne, tarehe 14 Julai 2015. Asubuhi ile Nchiru iliamkia manyunyu na baridi, na Mlima Kenya haukuonekana kabisa.

Runji alikuwa akipanga tupa na brashi zake mfukoni Celina alipopita mlangoni pa karakana.

"Hata salamu, Madam?"

"Habari yako, Runji," alijibu, macho sakafuni.

Celina, aliyesomea uhandisi katika masomo ya jioni watoto wake wakiwa wakubwa, ndiye aliyebuni spektromita ya darubini kubwa iliyokuwa ikijengwa ng'ambo: chombo cha kuchambua mwanga wa nyota, kila nukta ya picha ionyeshe rangi zake. Runji ndiye aliyeunda sanduku lake na kulipaka rangi nyeusi ndani. Lakini kila picha ya majaribio ilitoka na doa la njano pembeni. "Sanduku linavujisha mwanga," Celina aliwaambia wakubwa, nao wakaamua ile Jumanne iwe siku ya mwisho ya fundi kazini.

Moyoni Celina hakuwa na hakika. Huenda kosa lilikuwa katika michoro yake mwenyewe.

Kwa hiyo alisali. Kila jaribio lilichukua saa nzima, naye aliipitisha amepiga magoti ndani ya chumba cha giza kilimowekwa chombo, nyuma ya pazia, akimsihi Mungu aliondoe doa. Kadiri alivyozidi kuomba, ndivyo doa lilivyozidi kukolea.

"Madam, chumba chako kinanukia kanisa," Sahro, msaidizi wake, alimtania. "Sisi tukiswali tunazima hata simu."

"Wewe niombee tu."

Mchana wageni kutoka mradi wa darubini waliwasili. Walitaka jaribio lifanyike mbele yao, kwa hiyo Celina akaketi nao nje, mikono mapajani, asipate nafasi ya kupiga magoti.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Safi. Hakuna doa.

"Bwana asifiwe!" mkuu wa karakana alipaza sauti. "Maombi yako yamejibiwa, Madam!"

Wote wakapiga makofi. Runji pia, mfuko begani.

Celina hakupiga. Alitazama picha, akatazama mlango wa chumba cha giza. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti na kipande cha mshumaa, akaviweka mezani mbele ya wageni.

"Runji, rudisha tupa zako mezani, sanduku lako halina kosa," alisema. "Naahidi mbele yenu nyote: kuanzia leo nitasali gizani."