Mstari wa Kumi na Saba

Programu iliundwa bila kosa hata moja. Mhandisi wa bwawa akanipiga bega. "Umetutoa kimasomaso, dada. Leo chai juu yangu."

Kipimo kilichotoka kwenye programu alikuwa ameshampa mzee wa lango la maji: saa nne kamili, fungua nusu mita. Mzee akakunja karatasi, akashika njia. Chini ya lango, watu sita waliokuwa wakizibua mfereji walikuwa wanasubiri maji kidogo ya kusukuma tope.

Nilisogeza simu yenye kioo kilichopasuka iliyokuwa ikichaji kando ya kibodi, nikapitia ripoti ya uundaji kwenye skrini kwa mazoea tu. Mstari wa kumi na saba nikausoma mara mbili.

Kompyuta ile ilikuwa na maktaba mbili za hesabu za maji, kanuni zilizo tayari ambazo programu huziazima. Mpya tuliisakinisha Jumatatu, kwa sababu ya zamani hukosea bwawa likijaa. Mstari ule ulionyesha programu yangu imeunganishwa na ya zamani. Njia ya kuifikia niliiandika mimi mwenyewe mwaka jana, kwa haraka, nikajiambia nitaifuta kesho.

Na bwawa lilikuwa limejaa pomoni.

"Kaka, mzee asifungue. Kipimo kimekosea. Kosa ni langu."

"Maji yatawafika wapi?"

"Yatawafunika."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika mbili. Alitoa simu yake, akabonyeza namba ya mzee, akaiweka sikioni.

Kando ya kibodi, chini ya kioo kilichopasuka, jina la mhandisi likawaka.