Haya, Baba

"Picha haifai. Rudia," mashine iliandika kwa rangi nyekundu, mara ya nne sasa. Tunu, mpiga picha wa hospitali, alisaga meno. Foleni ilikuwa imefika getini.

Kila sauti ya mashine iliposema, "Vuta pumzi, izuie," Bi Ruzuna, aliyelala ndani yake, alijibu, "Haya, baba." Pumzi ikamtoka, picha ikavurugika.

"Bibi, usijibu! Hiyo ni mashine tu!"

"Nisemeshwe kwa upole, ninyamaze? Sikulelewa hivyo."

"Basi mjibu kimoyomoyo."

"Atanisikiaje?"

"Anaona mpaka mifupa," Tunu alifoka, "atashindwa kusikia ya moyoni?"

Mara ya tano kukawa kimya. Maandishi yakageuka kijani: "Picha safi. Imekubaliwa."

"Afadhali!" Tunu akasema, akainama kuitazama. Kwenye pafu la kushoto palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la njiwa, ukionekana wazi, bila ukungu hata kidogo.

"Tumemaliza," ikasema sauti ya mashine.

"Ahsante, baba, Mungu akuzidishie," Bi Ruzuna akaitikia. Kisha akageuza uso kuelekea kioo ambacho Tunu alisimama nyuma yake. "Na wewe, mwanangu, mbona umenyamaza?"