Mkono Uliobaki Wazi

Kitu cha kwanza Falonne alichokiona ni meno: mama mchoraji kutoka India alikuwa akitafuna ncha ya kijiti cha mwanzi mpaka ikalainika kama brashi.

“Eish, Falonne, mama anakula ufagio wako?” mlinzi wa duka akatania.

Mama akachovya kijiti katika uji mweupe wa mchele. Kwenye ukuta mwekundu wa duka alilofagia Falonne, mtaani Marshalltown, pembetatu mbili zikakutana ncha kwa ncha, na pale pale zikawa mtu. Huyo akamshika mkono mwenzake, naye mwingine, hata ngoma nzima ya harusi ikazunguka ukuta bila rula wala kufutwa. Falonne aliacha kufagia.

Mchezaji wa mwisho alibaki na mkono mmoja wazi, bila wa kuushika.

“Kwetu wanawake huchora harusi pamoja,” mama akasema kwa Kiingereza cha taratibu, akimnyooshea kijiti. “Njoo, binti. Uji unakauka.”

“Umuache, mama. Huyu ni wa kufagia,” mlinzi akacheka.

Siku nyingine Falonne angeinamisha kichwa. Leo aliulaza ufagio chini, akakipokea kijiti kingali na alama za meno ya mama.

“Kila asubuhi ninachora watu kwenye vumbi la duka hili,” akasema. “Halafu ninawafagia.”