Bodi ya Alumini

Fundi Kachenje aliweka mezani bodi mbili za bunduki, zile za kushikia mtutu na kuegemeza begani, moja ya plastiki ngumu, nyingine ya alumini, nzito zaidi. Mbuke, askari wa wanyamapori, akashika ya alumini.

"Dada, hilo bega halijapona. Chukua hii ya plastiki, ni nyepesi."

"Ya mwenzangu ilikuwa ya plastiki, fundi. Ilipasuka, nyati akatufikia. Mwenzangu hakurudi."

Fundi aliichukua ile ya alumini. Akaifunga na mtutu wa bunduki ya Mbuke, akampa bunduki bila risasi.

"Lenga ukutani. Ukishindwa kuishikilia, sikupi."

Mbuke aliinua. Jasho likamtoka, mtutu ukaanza kuyumba.

"Basi, inatosha," fundi alisema kwa upole.

"Bado," alijibu Mbuke. Mtutu ukashuka kidogo, kisha polepole ukapanda tena.